Chumba cha kufungia vidonda: "Kama hakiumi, kimepona"

Naandika maoni haya kuhusu kliniki nilikokuwa nafungwa kidonda nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Nina kisukari miaka mingi. Kidonda changu kilianza kwa kijiwe tu kilichoingia kiatuni. Nikakitembelea kutwa nzima bila habari, jioni navua soksi nakuta damu chini ya kidole gumba. Miguu yangu ina ganzi.

Kuosha vidonda kliniki ile wanaosha vizuri, hilo sikatai. Lakini wiki ya tatu au ya nne hivi nilimwambia muuguzi kwamba bandeji inalowa na inatoa harufu. Akaifungua nusu, akabonyeza kwa kidole. "Unaumia?" Nikasema hapana. "Basi mama, kama hakiumi kimepona. Kuna wenye maumivu wanasubiri hapo nje." Akarudishia bandeji ile ile. Ile ile, yenye doa la njano!

Jamani, kwa mwenye kisukari kutoumia ndiyo hatari yenyewe! Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, damu huko chini haifiki vizuri, na sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupambana na vijidudu. Ningekuwa nasikia maumivu, ningekikanyaga kidonda mwezi mzima? Nililia kwenye ngazi.

Niliapa sirudi. Nikarudi, maana mguu ulivimba ukawa wa moto. Zamu hiyo nikamkuta kijana mmoja mpole. Akakata sugu iliyozunguka kidonda kwa kisu kidogo, tabaka kwa tabaka, na chini yake pakafunuka shimo. Hakushtuka, wala hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, nyumbani unatembeaje?" Tangu nianze kwenda pale hakuna aliyeniuliza hilo! Kumbe dawa wanapaka, mimi natoka mlangoni nakikanyaga upya. Akaagiza picha ya mfupa na dawa za kuua vijidudu. Uvimbe uliposhuka akanivika buti la kuondoa uzito kwenye kidonda.

Kilichukua miezi, lakini kimefunga.

Sasa nyota ngapi? Nilikuwa nimeweka moja. Nikimfikiria kijana yule napandisha hadi nne, nikiikumbuka bandeji ile nashusha tena. Basi mbili. Hapana, tatu, kwa ajili yake. Ila mkienda, vueni soksi zote mbili, na msikubali kufungwa kabla unyayo mzima haujaangaliwa, hata mkiambiwa foleni ni ndefu.