Greda la CAT 140K kwenye viwanja vya ndege vya changarawe: tathmini ya opereta

Kwa kawaida greda hupimwa kwa kazi ya barabara, yaani kilomita zilizochongwa kwa siku na dizeli iliyotumika kuzichonga. Kipimo hicho hakitutoshi sisi tunaoendesha mitambo kwenye viwanja vya ndege visivyo na lami, vya aina ya Seronera na Kogatende ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa sababu huko hakuna anayeuliza umesogeza udongo kiasi gani. Rubani anayetua baada yako anataka kujua kama kisu kilipopita mara ya mwisho kiliacha uso mgumu, usio na mawe yaliyolegea, wenye mgongo unaomwaga maji pande zote mbili. Kwa kipimo hicho nalitathmini greda la CAT 140K la kampuni ya Caterpillar, na maoni yangu ni kwamba ndilo linalofaa zaidi viwanja vya porini, ingawa kuna mengine mapya zaidi na yenye starehe zaidi.

Ni vizuri kwanza kueleza kwa nini mawe yananishughulisha kiasi hiki. Ndege inayoonekana zaidi kwenye viwanja hivi ni Cessna 208B Grand Caravan, yenye injini moja na uzito wa juu wa kuruka usiofika tani 4. Kwa uzito huo haiumizi sana njia ya kurukia. Njia ndiyo inayoweza kuiumiza. Pangaboi lake liko puani, si mbali na ardhi, na rubani anapokwisha kugusa chini huweza kugeuza pembe ya mapanga ili hewa isukumwe mbele na mwendo upungue. Hapo ndipo jiwe dogo lililolegea huinuliwa na kugonga ncha za mapanga. Panga lililomeguka kidogo husawazishwa na fundi wa ndege, na likimeguka kupita kipimo hubadilishwa, huku abiria wakisubiri chini ya mti. Jiwe lile lile barabarani lisingemshughulisha dereva yeyote wa lori, na ndiyo maana opereta aliyezoea barabara peke yake huona viwanja vya ndege vina masharti yaliyopitiliza.

Sasa greda lenyewe. 140K lina magurudumu sita, kisu chenye upana wa takribani mita 3.7, gia nane za kwenda mbele na sita za kurudi nyuma. Usukani umebaki mahali pake, na kuinua kisu, kukizungusha, kukisogeza pembeni, kulaza magurudumu ya mbele na kukunja kiungo cha katikati, vyote hufanywa kwa leva zilizopangwa kulia na kushoto mwa usukani, kwa mpangilio ambao mtu aliyejifunzia 140G au 140H, magreda yaliyotangulia 140K, ataukuta bila kuelekezwa. Leva hizo ndizo sababu ya kwanza ya mimi kulipenda. Mkono unahisi kisu kinapokutana na sehemu ngumu, na kabla jicho halijaona chochote opereta ameshakiinua kidogo. Kwenye mkato wa mwisho, ambapo sentimita moja ya kosa inarudisha juu mawe yaliyokwisha kuzikwa, hisia hiyo ina thamani kubwa.

Ili msomaji aone ni wapi greda hili linajitofautisha, inafaa aelewe kazi inavyokwenda. Uchongaji mzuri wa changarawe haufanywi kiangazi kikiwa kimekauka kabisa, kwa sababu kisu kinachokwangua ardhi kavu hupeperusha vumbi laini, ambalo ndilo linalogandisha changarawe, na kuacha kokoto zikiwa zimesambaa juu. Tunasubiri unyevu wa vuli au wa mwisho wa masika, na usipotosha tunaleta boza la maji. Kwanza tunachimbua kwa ripa, yaani meno ya greda ya kuchimbulia, hadi kina cha mashimo na cha ile mikunjo inayofanana na bati la paa, kwa kuwa mikunjo iliyofukiwa tu bila kukatwa hadi mizizi hurudi baada ya muda mfupi. Kisha tunamwagia maji, tunachanganya kwa kuhamisha tuta la udongo kutoka upande mmoja hadi mwingine, tunatandaza tukianzia ukingoni kuelekea katikati, na rola linafuata nyuma kabla unyevu haujaondoka. Katika hatua zote hizo 140K hufanya kazi bila manung'uniko, lakini ubora wake unaonekana hasa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni ukingoni. Pale opereta hulaza magurudumu ya mbele, ambayo hulala hadi nyuzi 18 kila upande, na kukunja kiungo cha katikati hadi nyuzi 20, ili magurudumu manne ya nyuma yabaki juu ya ardhi iliyoshikamana wakati pua ya greda inashughulikia mteremko wa mfereji. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa upande wa magharibi wa Serengeti kuelekea Grumeti, uwezo huo huamua kama utatoka ukingoni kwa nguvu zako mwenyewe au utasubiri trekta la kukuvuta.

Mahali pa pili ni mwendo wa polepole. Kisu kinachokimbizwa huanza kurukaruka, na kikirukaruka kinatengeneza mikunjo ile ile uliyokuja kuiondoa, hivyo mkato wa mwisho unatakiwa uende kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, takribani kilomita 5 kwa saa. Gia ya chini ya 140K inafika huko bila kuihangaisha injini, na pedali ya kunyatia chini ya mguu wa kushoto humruhusu opereta kupunguza zaidi bila kuzima. Hata hivyo, nikisema haki, Komatsu GD655 inalizidi kwa jambo hili moja, kwa kuwa gia zake zinaweza kufanya kazi kupitia kigeuza-nguvu cha mafuta, ambacho huacha mtambo utambae wenyewe bila opereta kucheza na pedali.

Kuhusu mgongo wa njia, Kiambatisho cha 14 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinapendekeza mteremko wa pembeni usiozidi asilimia 2 kwa ndege za ukubwa wa Caravan, na usiopungua asilimia 1 isipokuwa kwenye makutano ya njia. Kwa njia yenye upana wa mita 20, asilimia 2 maana yake ni katikati kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 20. Opereta mzoefu hulipata umbo hilo kwa macho, kamba na vigingi, na mimi naendelea kuamini kwamba kila anayeanza ajifunze kwa kamba kwanza. Lakini hapa ndipo 140M, greda la kizazi kilichoondoa usukani na kuweka joistiki mbili, yaani vijiti vifupi vya kuongozea kwa mkono, linaposhika uongozi. Liliweza kuagizwa likiwa na mfumo unaopima mteremko wa kisu na kuuongoza upande mmoja wake wenyewe, opereta akishughulika na upande wa pili tu. Matokeo yake ni mgongo ulio sawa kutoka kichwa kimoja cha njia hadi kingine, na sioni aibu kusema kwamba jicho langu haliwezi kushindana na kipimo hicho katika njia ndefu.

Joistiki zenyewe zimezua ubishi mwingi miongoni mwa maopereta, na ubishi huo unastahili jibu la haki. Caterpillar inasema zinapunguza mijongeo ya mikono na vifundo vya mikono hadi kwa asilimia 78 ikilinganishwa na leva, na mtu yeyote aliyeamka asubuhi mabega yakiwa mazito ataelewa maana ya tarakimu hiyo. Kuondoka kwa nguzo ya usukani kumemfungulia opereta njia ya kuona kisigino cha kisu, yaani ncha yake ya nyuma, moja kwa moja. Kama ningekuwa nafanya kazi kwenye kiwanja kikubwa kilicho karibu na Dar es Salaam au Nairobi, ambako fundi mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu yuko umbali wa simu moja, ningechagua joistiki. Kogatende ni mpakani mwa kaskazini, kando ya Mto Mara, na kwa mahali kama hapo nataka mtambo ambao leva yake inafungua vali ya haidroliki moja kwa moja, na ambao fundi wa kambi anaweza kuutazama, kuusikiliza na kuujua ugonjwa wake.

Nisieleweke kwamba 140K halina elektroniki. Injini yake ya C7 huongozwa na kompyuta, na gia zake pia hubadilishwa kwa umeme. Kwa hiyo dizeli inayotoka kwenye mapipa, ambayo mara nyingi huwa na maji na uchafu chini, ni adui wake mkubwa. Kichujio cha kutenganisha maji kinapaswa kumwagwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, na anayenunua greda hili bila kununua vichujio vya akiba vya mafuta na vya hewa atakuwa amenunua nusu ya greda. Vumbi nalo, kama ilivyo kwa greda lolote, hula sahani za msuguano kwenye duara linalozungusha kisu. Zikiisha, kisu huanza kucheza, na kisu kinachocheza hakiwezi kuacha uso wa kutulia ndege hata kiwe mikononi mwa nani. Barabarani mchezo wa sentimita moja huvumiliwa kwa miezi. Kwenye njia ya kurukia usivumiliwe hata siku moja.

Kuna mambo ambayo hayaletwi na kiwanda na yanapaswa kuwamo kwenye oda tangu mwanzo. Taa ya njano inayomulika juu ya kibanda ni lazima, na redio ya kuwasiliana na ndege isibaki mikononi mwa msimamizi aliyekaa kwenye gari peke yake. Opereta naye aisikie, kwa sababu ndani ya kibanda kilichofungwa hutaisikia Caravan hadi iwe juu yako. Ilani kwa marubani kuhusu kazi inayoendelea hutolewa mapema, lakini daima yupo rubani mwenye mgonjwa au mwenye mafuta machache anayehitaji kutua. Akija, greda huondolewa lote nje ya ukanda wa usalama, ambao kwa njia fupi hufika mita 30 au 40 kutoka mstari wa katikati kulingana na urefu wa njia. Kusogea ukingoni tu hakutoshi. Tuta la udongo nalo halipaswi kuachwa likiwa limelala kando ya njia usiku, kwani huzuia maji, huficha mashimo ya ngiri na muhanga, na humdanganya rubani kuhusu ukingo ulipo.

Kwa chama au kampuni isiyomudu 140K, 140H lililotumika lenye injini ya zamani ya 3306 ni mbadala ninaoupendekeza bila kusita, kwa sababu pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta na mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua. Anayekwenda kulikagua asidanganywe na rangi mpya wala saa zilizoandikwa kwenye dashibodi. Ainue kisu kidogo juu ya ardhi, azime injini, ashike ncha yake na kuitikisa juu na chini, kisha aombe greda liendeshwe kwa gia ya kwanza kwenye ardhi tambarare huku kisu kikigusa kidogo, na ashuke akautazame uso ulioachwa nyuma.