Chujio la barua taka kwa seva ya ofisi: la kununua na la kuacha

Kila muuzaji wa chujio la barua taka ana asilimia yake ya kujivunia, na zote zinaanzia tisini na tisa. Msikilize hadi mwisho, kisha muulize: barua halali ikinaswa kimakosa, nani ofisini atajua, na atajua lini? Taka kumi zikipenya, watu watanung'unika na kuzifuta. Lakini proforma ya msambazaji ikinaswa Ijumaa jioni na zabuni inafungwa Jumatatu saa nne asubuhi, hakuna atakayenung'unika, maana hakuna anayejua kwamba ilikuja. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho: kwanza urahisi wa kuona na kurudisha kilichonaswa, pili uwezo wa kunasa, tatu bei.

Ofisi niliyo nayo akilini ina watumiaji kati ya 20 na 300, seva yake yenyewe ya barua inayoendeshwa kwa programu kama Zimbra, Postfix au cPanel, na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye ndiye huyo huyo anayeitwa printa ikigoma. Kama hata huyo mmoja hamna, msihangaike na machujio. Hamieni Google Workspace au Microsoft 365, chujio limo humo humo. Seva ya barua isiyo na mwenyewe haiokolewi na kitu chochote cha kununua.

Kabla ya kutoa hela

Sehemu kubwa ya taka inaweza kukataliwa mlangoni, bure, kabla hata chujio halijaisoma. Anza na anwani ambazo hazipo. Seva inatakiwa ikatae papo hapo barua inayokuja kwa mtu asiyekuwepo, wakati seva ya mtumaji bado iko hewani. Ikiipokea kwanza na kuirudisha baadaye, inairudishia anwani iliyoghushiwa, na sasa nyinyi ndio mnaosumbua watu wengine. Kwenye Postfix washa pia postscreen, ambayo imo tangu toleo la 2.8. Inamfanya mtumaji asubiri sekunde chache kabla ya kuanza kuongea, na roboti nyingi za taka hazina subira hiyo.

Halafu orodha za anwani za IP zenye sifa mbaya. Spamhaus ZEN ndiyo ya kuanzia, na kwa ofisi ndogo ni bure, ila kuna kosa moja linaloua faida yote: seva imeelekezwa kwenye DNS (huduma ya kutafuta anwani za mtandaoni) ya umma ya Google, 8.8.8.8. Spamhaus haihudumii maulizo yanayopitia DNS za umma. Inajibu 127.255.255.254, jibu ambalo si hukumu juu ya mtumaji, ni la kukuambia umepita njia isiyoruhusiwa. Seva iliyopangwa vibaya hulisoma jibu lolote kama «huyu ni mbaya» na kuanza kukataa kila barua. Weka Unbound, programu ya DNS, kwenye seva yenyewe, iulize Spamhaus moja kwa moja. Ukiwa hapo, futa SORBS, orodha nyingine ya aina hiyo, kama bado imo kwenye mipangilio yako. Ilifungwa Juni 2024 na mipangilio ya kunakiliana bado inaiita.

SPF, DKIM na DMARC za kikoa chenu (jina linalofuata @) mziweke pia; ni rekodi za DNS za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai kwa wanaotuma barua kwa wingi, kwa Google kuanzia kama 5,000 kwa siku, na hata mtumaji mdogo bila hizo barua zake huweza kuishia kwenye taka za wengine.

Hayo yakikamilika, kaa wiki mbili uone kilichobaki. Kuna ofisi zitakazogundua hazihitaji kununua chochote.

Ya kwanza: Proxmox Mail Gateway

Hii inatoka Vienna, Austria, na tangu toleo la 5.0 ni programu huria. Ndani yake kuna Postfix, SpamAssassin ya kuchuja taka na ClamAV ya kukamata virusi, vitu ambavyo fundi wako angeweza kuviunga mwenyewe. Unachopata cha ziada ni karantini, mahali barua zilizonaswa zinapowekwa kando bila kufutwa. Kila mtumiaji anaweza kupokea ripoti ya kila siku yenye barua zake zilizozuiwa, na akibonyeza kiungo anaiachia ile anayoitaka bila kumpigia mtu wa TEHAMA. Swali la proforma ya Ijumaa limejibiwa hapo, na ndilo lililoipa nafasi ya kwanza.

Inakaa mbele ya seva mliyonayo, iwe Zimbra au Exchange ya Microsoft. Barua za nje zinaingia kwake kwa mlango (port) 25, na zenu zinazotoka mnazipitisha mlango 26. Msiruke hatua hiyo ya kutoka. Akaunti ya mtu wa mapokezi ikidukuliwa kwa sababu neno lake la siri ni jina la ofisi na mwaka, barua taka elfu kadhaa zitatoka usiku mmoja na IP yenu itaamka iko kwenye orodha nyeusi. Barua zinazotoka zikichujwa, na seva ikiwekewa kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti, hasara inaishia kwenye akaunti moja.

Malipo ni ya usajili kwa mwaka kwa kila seva, si kwa kichwa, kwa hiyo ofisi ya watu 200 inafaidi zaidi ya ofisi ya watu 20. Bila usajili inafanya kazi pia, ila masasisho yanatoka kwenye hazina ya programu (repository) isiyopimwa kwa kiwango kile na ujumbe wa kukumbushia unatokea kila ukiingia. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia. Mimi ningetenga 8, kwa sababu ClamAV peke yake ni mlafi.

Kikwazo chake ni kanuni. Ukurasa wa kanuni unaonekana rahisi, na fundi mwenye papara anaweza kuweka kanuni ya kufuta mahali pa kanuni ya karantini. Mwezi wa kwanza, kwa taka za kawaida, usiweke kanuni yoyote inayofuta.

Ya pili: Rspamd

Kwa uwezo wa kunasa na kasi, Rspamd ingeongoza. Imeandikwa kwa lugha ya C, inahifadhi kumbukumbu zake kwenye hifadhidata ya Redis, na hutoa alama kwa ngazi: kwa mipangilio ya mwanzo, alama 4 mtumaji anaambiwa arudi baadaye, 6 barua inawekewa alama ya taka, 15 inakataliwa kabisa. Ngazi hizo tatu zina busara kuliko mstari mmoja wa kukata. Ukiiunganisha na Dovecot, programu inayotunza visanduku vya barua vya watumiaji, mtumiaji akihamishia barua kwenye folda ya taka chujio linajifunza, akiitoa linajifunza pia.

Iko ya pili kwa sababu haina karantini ya kumkabidhi mhasibu. Ukurasa wake wa wavuti ni wa fundi. Anayejenga seva upya aitumie tu, tena Mailcow, kifurushi cha seva nzima ya barua, inakuja nayo tayari. Mwenye Zimbra inayofanya kazi asivunje nyumba kwa ajili yake.

Ya tatu: huduma ya wingu

Mimecast, Proofpoint, SpamTitan na wenzao. Mnabadilisha rekodi ya MX, ile ya DNS inayosema barua zenu zipelekwe seva gani, barua zinapita kwao, zinafika kwenu zimechujwa. Wanaona barua za wateja maelfu kwa wakati mmoja, hivyo shambulio jipya wanalijua mapema kuliko seva yoyote ya peke yake. Umeme ukikatika kwenu, barua zinasubiri kwao. Sifa hizo ni za kweli.

Mambo matatu yanaishusha. Bei ni ya dola kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na akaunti za info@ na manunuzi@ wakati mwingine huhesabiwa kama watu. Uliza kabla ya kusaini. La pili ni sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Hospitali au SACCOS inatakiwa ijue barua zake zinakaa seva za nchi gani.

La tatu ni la kiufundi na husahaulika sana. Baada ya kubadilisha MX, seva yenu bado iko pale pale kwenye IP ile ile, na wanaotuma taka wanaikumbuka. Wanaigonga moja kwa moja na kupita pembeni ya chujio mnalolilipia. Lazima mlango 25 ufungwe kwenye ukuta wa moto, uachwe wazi kwa anwani za mtoa huduma tu. Kama fundi aliyekuja kufunga hajagusa hilo, hajamaliza kazi.

Ya nne: SpamAssassin iliyokuja na seva

Yuko kwenye cPanel, yuko ndani ya Zimbra, na hana gharama. Kwa mipangilio yake yenyewe ya mwanzo hukata kwenye alama 5. Ukifungua vichwa vya barua utakuta mstari kama «X-Spam-Status: Yes, score=7.2 required=5.0» ukifuatiwa na majina ya kanuni zilizogonga, na fundi akizoea kuusoma huo mstari atajua mengi kuliko ripoti yoyote ya rangi.

Udhaifu wake kwetu ni lugha. Kanuni zake za maneno ni za Kiingereza kwa sehemu kubwa, kwa hiyo «Hongera, namba yako imeshinda» inapita ikitabasamu. Dawa ni kuifundisha: sehemu yake ya Bayes, inayojifunza kutokana na barua inazoonyeshwa, haianzi kuhukumu mpaka ione taka 200 na barua halali 200. Kusanyeni za Kiswahili kutoka kwa watumiaji, mzipitishe kwenye sa-learn, amri yake ya kufundishia. Angalia pia kama kuna aliyewasha TextCat, kiongezi chake cha kutambua lugha, na kuandika «en» tu kwenye lugha zinazokubalika, kwa sababu hapo kila barua ya Kiswahili inaongezewa alama za taka bila kosa.

Ya mwisho: kifaa cha kufunga kwenye raki

Sinunui tena. Mei 2023 kampuni ya Barracuda ilitangaza tundu la usalama kwenye kifaa chake cha barua, lenye namba CVE-2023-2868, lililokuwa likitumiwa na wavamizi tangu Oktoba 2022. Juni ikawaambia wenye vifaa vilivyoathirika wabadilishe kifaa kizima, hata kama kilishawekewa kiraka. Kifaa ambacho kila barua ya nje inakipitia, na fundi wako hawezi kukifungua aone ndani, ni dau kubwa mno.

Barua ambayo zote zitaipitisha

«Uko ofisini? Niko kikaoni, kuna malipo ya haraka.» Jina ni la mkurugenzi, anwani ni ya Gmail. Hakuna kiungo, hakuna kiambatisho, Gmail yenyewe ni halali, SPF inapita. FBI ilirekodi hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa utapeli wa barua za biashara mwaka 2023, na barua za utapeli huo huweza kuwa fupi namna hii. Andika kanuni: barua ya nje yenye jina la kiongozi wenu iende karantini, au iwekewe alama ya taka pale pasipo na karantini. Proxmox na Rspamd zote zinaweza. Na uhasibu wakubaliane kwamba akaunti ya malipo haibadilishwi bila kupiga simu, tena kwa namba iliyokuwepo kwenye faili tangu zamani.

Muuzaji akisema lake linamaliza tatizo kabisa, mkumbushe Bill Gates aliyesema Davos, Januari 2004, kwamba taka zingekwisha ndani ya miaka miwili.

Siku moja kabla ya kuhamia, shusha TTL ya rekodi ya MX (muda ambao seva nyingine huikumbuka) hadi sekunde 300, ili mkikwama mrudi nyuma kwa dakika chache. Tuma barua yenye maandishi ya majaribio ya GTUBE, ambayo machujio yametengenezwa kuyaona kama taka, uone kama inanaswa na ripoti inamfikia nani. Na kabla ya kulipa, hakikisha neno la siri la kuendeshea kikoa liko mikononi mwa ofisi, si kwenye simu ya aliyewauzia.