Katuni bubu za Charlie kwenye flashi: chukua, ila punguza spidi

Kwenye duka moja la muvi hapa Mwanga, Kigoma, unaingiziwa folda zima la katuni za kuchorwa za Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu bubu, kwa shilingi 3,000, flashi ukija nayo mwenyewe. Ni mali nzuri. Ila usiitazame kama ilivyo, utadhani wazee wetu walikuwa wanachekea upuuzi.

Tatizo kubwa ni spidi. Enzi za filamu bubu picha zilikuwa zinapita takriban 16 kwa sekunde, na aliyehamisha katuni hizi ameziendesha kwa 24. Katuni ya dakika sita inaisha kwa dakika nne, Charlie anatetemeka badala ya kutembea, maandishi yanapotea hujamaliza kuyasoma. Fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha [ mara tatu, spidi itasoma 0.70. Zima na sauti, maana kinanda kilichobandikwa kitaanza kuburuta, na wala hakikuwamo tangu mwanzo. Faili chache zimeshasawazishwa. Ukiona maandishi unayasoma kwa raha, usiguse kitu.

Upana nao. Picha ni 4 kwa 3, runinga za sasa zinaivuta hadi Charlie ananenepa. Bonyeza A kwenye VLC hadi isome 4:3, au tafuta 4:3 kwenye rimoti, na weusi utakaobaki pembeni uache. Kuna nakala ambazo upande wa kushoto umekatwa, na hizo hazina dawa: filamu bubu ilitumia upana wote wa mkanda, ikaja kuchapwa upya kwenye mkanda wenye sauti, ukingo ukamegwa ili mstari wa sauti upate nafasi. Omba nakala nyingine.

Humo ndani mambo yamechanganywa. Zipo za 1915 na 1916, ambazo mikono imekakamaa, na zipo za rangi zilizotengenezwa kwa kompyuta karne hii, ambazo si za mjadala huu. Unazozitaka ni za 1918 na 1919 kutoka studio ya Pat Sullivan, New York. Mchoraji wake ni Otto Messmer, na kazi inajieleza. Chaplin mwenyewe aliwatumia picha zake akiwa katika mikao mbalimbali, Messmer akaufuatilia mwendo wake kipande kwa kipande. Tazama mabega na fimbo kabla ya uso: wazo linaanza kwenye mwili, uso unafuata. Ndiyo sababu mtoto wa Ujiji asiyejua Kiingereza anaelewa kila kitu.

Elimu hiyo haikupotea. Mwaka huohuo wa 1919 studio ileile ilimtoa paka Felix, naye anatembea na kuwaza kwa mwili vilevile. Mwambie muuzaji akuongezee Felix in Hollywood ya 1923: Felix anamwigiza Chaplin, na Chaplin aliyechorwa anamkemea kwa kumwibia mbinu. Ukiitazama baada ya zile za Charlie utamu wake ni mara mbili.

Toleo lililotafsiriwa na DJ liache. Sauti inajaza pale pale Messmer alipoacha kimya ili cheko lipate nafasi. Kwenye kibanda cha video inatosha mtu mmoja asome maandishi kwa Kiswahili yanapotokea, kisha anyamaze.

Kabla ya kulipa, hakikisha faili ni za aina ya MP4, kwani runinga nyingi za vibandani zinagoma kufungua aina ya MKV, na flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Jaribu faili mbili tatu hapohapo dukani. Wenye watoto, pitieni kila katuni kwanza: za enzi hizo nyingine zina michoro ya kumdhalilisha mtu mweusi, na hizo ni za kufuta kabisa kwenye flashi ya watoto.