Constitution Annotated: inaijua Katiba ya Marekani, katiba za majimbo haizigusi

Nyota nne kati ya tano. Huduma hii ya Maktaba ya Bunge la Marekani inapatikana bure, bila kujisajili, kwenye constitution.congress.gov. Inafafanua Katiba ya Marekani kifungu kwa kifungu, na kila hoja ina tanbihi ya kesi iliyoizaa. Kazi yenyewe ilianza kuchapishwa 1913, na tovuti hii ilizinduliwa 2019. Toleo la karatasi lina zaidi ya kurasa 2,000, liachie rafu.

Ukiandika neno "states" kwenye kisanduku cha kutafutia utamwagiwa matokeo hadi uchoke. Anza na namba ya kifungu. ArtI.S4.C1 ni Ibara ya I, Fungu la 4, kifungu cha 1, yaani nani anapanga uchaguzi wa wabunge wa shirikisho. ArtVI.C2 ni ukuu wa sheria ya shirikisho. Amdt10 ni Marekebisho ya Kumi, yanayoyaachia majimbo na wananchi madaraka ambayo shirikisho halikupewa.

Amdt10 ndipo huduma inapong'aa. Inaeleza kwa mpangilio kwa nini Bunge la shirikisho haliwezi kuliamuru bunge la jimbo litunge sheria (New York v. United States, 1992), kuwatuma polisi wa kaunti wakague wanunuzi wa bunduki (Printz, 1997), wala kulikataza jimbo kuruhusu kamari ya michezo (Murphy, 2018). Wengi hufunga ukurasa hapo wakiamini jimbo linaweza kugoma kwa lolote. Hapo ndipo wanapoteleza, maana upande wa fedha umewekwa mbali, ArtI.S8.C1. Huko ndiko iliko kesi ya South Dakota v. Dole (1987): jimbo lisilopandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21 lilikatwa asilimia 5 ya fedha za barabara, na Mahakama ya Juu ikaridhia. Amri hairuhusiwi, chambo kinaruhusiwa. Soma kurasa zote mbili au usisome kabisa.

Majedwali nayo yasikupite. Moja linaorodhesha sheria zilizobatilishwa na Mahakama ya Juu, za majimbo zikiwa zimetengwa na za shirikisho. Jingine linaonyesha hukumu zilizotenguliwa na mahakama hiyohiyo. Kabla ya kunukuu kesi ya zamani, pitia hilo la pili.

Nyota iliyokatwa ni ya katiba za majimbo. Ziko 50, na hii haizifafanui. Chukua uchoraji wa mipaka ya uchaguzi kwa upendeleo wa chama. Rucho v. Common Cause (2019) ilisema, kwa kura 5 kwa 4, kwamba mahakama za shirikisho hazina la kuamua hapo. Msomaji wa huduma hii peke yake atadhani mlango umefungwa. Lakini mwaka mmoja nyuma Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilikuwa imeshaitupa ramani ya wabunge kwa Ibara ya I, Fungu la 5 la katiba ya jimbo, linalotaka uchaguzi uwe huru na sawa. Mahakama ya jimbo ikionyesha wazi kuwa imesimama juu ya sheria ya jimbo lake, Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kawaida haiipitii hukumu hiyo (Michigan v. Long, 1983). Kwa hiyo fungua pia katiba ya jimbo husika kwenye tovuti ya bunge lake, kisha angalia tarehe ya hukumu. Mahakama ya Juu ya North Carolina ilipiga marufuku upendeleo huo 2022, majaji wakabadilika kwa uchaguzi, na 2023 mahakama ileile ikajitengua.

Kuna na hitilafu ya Agosti 2025: sehemu ya Fungu la 8 na Mafungu yote ya 9 na 10 ya Ibara ya I yalitoweka kwenye tovuti. Maktaba ilieleza kuwa ni kosa la msimbo wa kompyuta (coding), ikayarudisha. Fungu la 10 ndilo lenye orodha ya mambo ambayo majimbo yamekatazwa, kama kutengeneza sarafu au kufunga mikataba na nchi za nje, kwa hiyo halikuwa pengo dogo. Maneno ya Katiba yenyewe yalinganishe na nakala ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na hukumu mpya zifuate supremecourt.gov, kwa sababu ufafanuzi huchelewa kuzifikia.