LalBrew Voss: hamira ya bia inayopenda joto la Moshi

Wadau mnaotaka kuanza kupika bia nyumbani na mko Moshi, kabla hujawaza sufuria kubwa wala kimea cha aina gani, tafuteni hii pakiti. LalBrew Voss, gramu 11, ya kampuni ya Lallemand. Mimi mwenyewe bado mgeni kwenye hii kazi, ila kwa nilichokiona hii hamira ndio imebeba kila kitu, na sijakuta mtu wa huku kwetu akiielezea vizuri kwa Kiswahili ndio maana naandika kirefu.

Shida yetu ni joto. Hamira nyingi za bia zinataka nyuzi 18 mpaka 22 hivi, zile za lager ndio baridi zaidi, 10 mpaka 14, sasa wewe niambie Februari hapa Pasua saa nane mchana ndani ya chumba cha bati utaipata wapi 18. Hamira ya kawaida ukiiweka kwenye nyuzi 30 na kitu inachacha kwa fujo, inatoa vilevi vizito vyenye harufu kama thina, na kesho yake kichwa kinagonga. Ukiuliza unaambiwa nunua friji ya pili na kifaa cha kuiongoza iwake na kuzima. Mtu ndio kwanza anaanza, hela ya friji ya kuwekea ndoo moja anaitoa wapi, na luku je? Voss yenyewe inataka nyuzi 35 mpaka 40, chini kabisa 25. Yaani chumba chetu kile kile tunachokilalamikia ndio inakipenda.

Asili yake ni Voss, magharibi ya Norwei. Wakulima wa huko walikuwa wanapika bia ya shayiri nyumbani kwao na hamira ni ya ukoo, wanaiita kveik, wakimaliza kupika wanaikausha kwenye kipande cha mti au kitambaa, inasubiri sherehe nyingine. Mbegu ya hii ya Lallemand ilitoka kwa Sigmund Gjernes, mzee wa huko Voss ambaye anatia hamira bia ikiwa bado na joto la nyuzi 39. Mimi nilivyosoma hayo nilifurahi kwelikweli, kwa sababu mtu aliyekulia kihambani anajua kabisa hayo maisha, mbege ya arusi na ya msiba inapikwa na wamama wa pale pale, ndizi zimeiva zinachemshwa, kimea cha ulezi, msesewe wa kuleta uchungu, na kila nyumba ina mkono wake. Huwa inaniuma tukiambiwa bia ni utaalamu wa wazungu wa viwandani. Kuchipuza nafaka na kuichachua ni kazi ambayo bibi zetu wa mlimani wanaijua vizuri sana.

Haya, matumizi. Mimi napika lita 10 tu kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na nashauri hivyo kwa anayeanza kwa sababu sufuria ya lita 15 inapatikana kirahisi na jiko la gesi la kawaida linaiweza. Kimea cha shayiri cha unga (ile dondoo kavu inayoyeyuka kwenye maji, siyo nafaka iliyosagwa) kilo 1.2, hopu za Cascade, yaani maua makavu ya kuleta uchungu na harufu, gramu 15, unachemsha saa nzima ukiangalia isifurike maana povu la mwanzo linapanda ghafla. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97 kwa sababu ya mwinuko, haina shida. Baada ya hapo ndio utaipenda Voss: wenye hamira za kawaida wanahangaika na mabarafu washushe mpaka 20, wewe unakalisha sufuria kwenye beseni la maji ya bomba, ikifika 38 unamimina kwenye ndoo, unanyunyizia hamira juu, unafunga, basi. Mfuniko nimeutoboa nikapitisha mpira mwembamba, ncha ya pili imezama kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na inzi asiingie. Ndoo naifunga blanketi. Jioni ukitia, kabla hujalala ile chupa inabubujika mfululizo, na siku mbili tatu kazi kubwa imeisha kabisa, haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, inashuka toka 1.044 mpaka karibu 1.011, hiyo ni kilevi cha asilimia 4 na kidogo.

Usafi lakini jamani, hapo hakuna mjadala. Kila kitakachogusa bia ikishapoa kioshwe, kilowekwe kwenye maji yenye Jik isiyo na manukato, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, halafu kisuuzwe na maji yaliyochemshwa. Hamira hata iwe ya dhahabu haiwezi kuokoa ndoo chafu.

Ladha: ina harufu ya maganda ya chungwa, ya wazi ila haikeri, inasafika haraka kwa sababu hamira inazama chini na kushikana, na ile harufu ya thina sijaisikia kabisa kwenye joto ambalo hamira nyingine ingeharibu kila kitu. Haifanani na Kili wala Safari na msitegemee ifanane, hizo ni lager, hii ni bia ya kienyeji ya watu wengine. Nilimpelekea shangazi yangu Kibosho, ambaye mbege yake watu wanaifuata toka vijiji vya jirani, akainusa kwanza muda mrefu. Akasema, "Mwanangu hii imechacha vizuri, haina uchachu mbaya. Ila mbona nyepesi hivi, mtu atashiba saa ngapi?" Kwangu hiyo ni alama kubwa sana, maana shangazi kwenye pombe hapepesi maneno.

Sasa kasoro. Ya kwanza, inataka chakula. Kwenye kimea kitupu cha shayiri inaenda vizuri, lakini ukitaka kupunguza gharama kwa kujaza sukari nyingi ya dukani inadhoofika, bora uache. Ya pili ni baridi, Juni na Julai Moshi usiku inashuka mpaka 15 au 16, blanketi peke yake halitoshi, na wenzetu wa Arusha walioko juu kwenye mita 1,400 ndio kabisa. Nyie wa Arusha miezi hiyo chukueni hamira ya kawaida ya SafAle US-05, hali ya hewa yenu inaifaa, na kwa upande wa maji muwe makini, maeneo mengi huko yana floraidi nyingi na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo tumieni ya mvua au ya chupa.

Ya tatu upatikanaji. Dukani sijaiona, niliagiza kwa mtu anayeleta mizigo na usafiri ulizidi bei ya hamira yenyewe. Angalieni tarehe ya mwisho kabla hamjalipa na ikifika ikae frijini. Lakini pakiti moja inatosha mpaka lita 20, na ukishajaza chupa yale matope ya chini ni hamira hai: chota safi, paka nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, ikaukie sehemu safi yenye upepo isiyozidi nyuzi 40, iweke kwenye kifuko frizani. Wa-Norwei nao waliitunza kwa kuikausha miaka yote, kwa hiyo ile gharama unailipa mara moja.

Kwenye kujaza chupa weka sukari gramu 6 mpaka 7 kwa lita, usizidishe, gesi ikizidi chupa ya kioo inapasuka na inaumiza mtu. Anzeni na za plastiki za soda, ukiibonyeza ikiwa ngumu kama ya dukani ujue gesi imeingia, na mziweke gizani maana mwanga unaharibu hopu. Wiki mbili hapo hapo chumbani, siku moja ya friji, halafu mimina taratibu uache tope chini.