TAHADHARI: Muuzaji wa monita za Trinitron Mombasa anauza tyubu zilizochoka

Wapenzi wa monita za kichogo, kuna bwana hapa Mombasa anayetangaza monita za Sony zenye tyubu ya Trinitron, GDM-FW900 na GDM nyengine, kwa Sh 85,000, akizisifu kuwa ni "ex-UK, tyubu mpya". Msimtumie hata shilingi kabla ya kusoma haya. Kijana mmoja wa Kisauni ameshalizwa, na mwengine wa Likoni vilevile. Monita zote mbili zimepita mezani kwangu, kwa hivyo nasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Hilo neno "tyubu mpya" peke yake lingetosha kuwashtua. Sony iliacha kutengeneza tyubu za Trinitron mwaka 2008, na FW900 zilikuwa zimeshakoma kabla ya hapo. Sasa hiyo mpya yatoka kiwanda gani?

Mtindo wake ni huu. Anaanza kwa kukuharakisha: kuna mtu wa Nyali anaikimbilia, tuma kishika uchumba kwa M-Pesa nikuwekee. Ukishatuma ndipo anakwita ukaione, na ukifika utaikuta imeshawashwa, picha inang'aa, gemu inachezwa. Atakwambia amekupashia ili usipoteze wakati. Hapo ndipo watu wanapoliwa. Ndani ya shingo ya tyubu mna kathodi tatu, moja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Zikipata moto ndipo hutoa elektroni, na kadiri zinavyotumika ndivyo zinavyochakaa. Kathodi iliyochoka huchelewa kuamka, lakini ikishapata moto wa kutosha inaweza kukudanganya kwa muda.

Ile ya kijana wa Kisauni niliiwasha ikiwa baridi kabisa. Picha ilipanda polepole, yote zambarau, kwa sababu kijani hakikuwapo. Kilipoanza kuja, herufi nyeupe zikawa zinaburura mkia upande wa kulia, na nyeusi ikabaki kijivu hata nilipoteremsha mwangaza hadi mwisho. Picha ilikuja kukaa sawa baada ya muda mrefu sana, na hiyo sawa ndiyo aliyoonyeshwa siku ya kununua. Monita nzima nayo huhitaji kama nusu saa ili rangi zake zitulie, hilo ni kawaida, lakini picha yake huwa ya kueleweka tangu mwanzo.

Ya Likoni inaniuma zaidi. Muuzaji mwenyewe alijigamba kwamba "aliipiga umeme ikazinduka". Kuna kifaa cha kufanya hivyo kweli: hupasha kathodi kupita kiasi na kupitisha mkondo mkali ili ule ukoko wa juu ubanduke. Picha hurudi kung'aa, mara nyingi kwa muda mfupi, kisha huanguka vibaya kuliko mwanzo. Kumuuzia mtu kitu kama hicho bila kumweleza ni wizi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kuidai bidhaa sifa isiyokuwa nayo.

Kwa hivyo mpigie kabla hujaenda, umwambie asiiwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya matundu ya hewa. Ikiwa ina moto, izimwe na ichomolewe, nawe kaa hapo hapo mpaka ipoe. Akikataa, ondoka.

Angalia pia kama ndiyo yenyewe, maana ana tabia ya kubandika lebo ya modeli kubwa kwenye monita ya kawaida. FW900 ni pana, uwiano wa 16:10, uzito wake ni kama kilo 42, na nyuma ina matundu matano ya BNC (soketi za mviringo za kebo ya picha) pamoja na soketi ya VGA. Weka picha nyeupe tupu usogee karibu na kioo: Trinitron kubwa huonyesha vivuli viwili vyembamba vya nyaya zilizolala kutoka kushoto hadi kulia, kimoja juu na kimoja chini. Hivyo si ubovu. Visipoonekana, si Trinitron ya saizi hiyo. Jaribu na 2304 kwa 1440 kwa hezi 80, ambayo FW900 nzima huimudu.

Jambo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja ni hili. Wateja wakilalamika kwamba nyeusi imekuwa kijivu, huwaelekeza kwa simu wafungue mgongo wazungushe skrubu kwenye flaibaki, ile transfoma ya volti kali. Msifanye hivyo, tafadhalini! Tyubu hizi hubeba volti zaidi ya 25,000, na chaji hubaki ndani hata baada ya kuchomoa stima. Tena kwenye FW900 volteji ya G2, ile inayoamua weusi na mwangaza wa picha, hurekebishwa kwa programu ya Sony iitwayo WinDAS, kupitia kebo iliyochomekwa kwenye kompyuta. Hakuna skrubu ya G2 ya kuzungusha. Mtu anayemtuma kijana wa watu kuingiza bisibisi mle ndani hajali kama atapona.

Ukisikia inatatarika ndani, usikubali akwambie ni joto la Mombasa. Chumvi na unyevu wa bahari hushika vumbi kwenye flaibaki na kwenye kifuniko cha waya mnene unaoingia kwenye tyubu, umeme ukaanza kuruka. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kutoa chaji, na gharama yake iondolewe kwenye bei.

Laini yake ya kwanza haipatikani tena, lakini matangazo yamerudi kwa jina jengine na picha zile zile: monita juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, pazia la maruni nyuma. Aliyekwisha kumlipa asifute meseji za M-Pesa wala mazungumzo yao. Aende kituo cha polisi aandikishe, achukue namba ya OB, hata kama alichotuma ni kile kishika uchumba tu. Wale wawili wameshaandikisha.