MinION kwa mabuu ya usubi: kinafaa, ila piga hesabu ya floseli kwanza

Nianze na bei ya MinION, kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, maana ndiyo kila anayekiona mezani anauliza. Kifaa chenyewe si ghali ukikilinganisha na mitambo mingine ya kusoma vinasaba. Pesa inaliwa na floseli, kile kibamba cha kuchomeka ndani chenye matundu ambamo uzi wa DNA hupita. Moja ni mamia ya dola, na huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Kama umeme kwenu unakatikakatika, tafuta friji ya chanjo au usianze kabisa.

Mimi nashughulika na mabuu ya usubi wa mito ya Mahenge, Tanzania, wale wanaong'ang'ania majani na mawe kwenye maji ya kasi. Wakishakua, majike huuma watu na kueneza minyoo inayopofusha. Nilitaka jenomu nzima ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), duara la herufi za DNA elfu 15 na ushee lenye jeni 37. Mashine za vipande vifupi hukwama kwenye eneo la udhibiti, palipojaa herufi A na T zinazojirudia hadi kompyuta haijui kipande kipi kitangulie. Kifaa hiki kinachoenea kiganjani, umeme wake ni wa USB ya laptopu tu, kinaweza kulisoma duara lote kwa uzi mmoja. Raha tupu.

Kinapojikwaa ni pale herufi moja inapofuatana: T kumi kinaweza kuzihesabu tisa. Kwenye jeni ya protini, fremu, yaani usomaji wa herufi tatu tatu, inahama na vyote vinavyofuata vinaharibika. Floseli za toleo la R10 zimepunguza tatizo, hazijalimaliza. Kagua jeni zote 13 za protini kabla ya kupeleka GenBank, hifadhidata ya umma ya vinasaba.

Kupakia sampuli kwenye floseli kunataka mkono mtulivu. Pipeti ya mikrolita 1000 tunduni, zungusha kitufe polepole, ukiona umanjano kidogo wa kimiminika cha ndani kwenye ncha, acha hapo hapo. Hewa ikiingia, matundu yanakufa ukiyaangalia. Na jamani, toeni utumbo wa buu kabla ya kusaga! Umejaa mwani na bakteria, nao mtawalipia floseli.

Una mdudu mmoja wa tasnifu? Lipia maabara ikusomee. Mna mito mingi, unganisheni sampuli 24 kwa barkodi (vipande vifupi vya DNA vinavyotambulisha kila sampuli), kisha floseli ioshwe itumike tena.

Nyota nne. Floseli ikifika ikaguliwe siku hiyohiyo: matundu hai yakiwa chini ya 800, dai nyingine.